Meno 15 mbele, 38 nyuma

Chake Chake, Pemba

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu na anauliza mbona karafuu zinaanza kuiva nawe huonekani. Nami nina langu moja: ile sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya meno 17 uliyonipa nimeivua. Usinune yakhe, nisikilize kwanza.

Ile pikipiki Honda C50 ya marehemu babu nimeitia injini ya Kichina ya cc 125, hilo unalijua. Kukaa ilikaa bila tabu, maana hizi za Kichina zimefuata mashine ya Honda ile ile, hata matundu ya bolti yanalingana. Umeme wa volti 6 kuupeleka 12, fundi aliumaliza kwa siku mbili na sigara nyingi. Tabu ilikuja kwenye gia. Niliziacha sproketi nilizozikuta, 14 mbele na 41 nyuma, ikawa inalia kama cherehani: gia ya kwanza haifiki mwisho wa uwanja, na ya nne nikigonga kilomita 60 kwa saa injini iko kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Nguvu ipo, pa kwenda hakuna.

Ndipo uliponambia nitie 17 mbele, 35 nyuma. Hesabu yako haikuwa na kosa. 41 kwa 14 ni 2.93, 35 kwa 17 ni 2.06, na namba hiyo ikipungua mwendo unazidi ila nguvu ya kupanda inapungua: mizunguko ile ile 6,000 inakupa kama 85. Lakini wewe uko Mjini Unguja, kwenye tambarare. Huku ukimaliza kupanda unashuka, ukimaliza kushuka unapanda. Wiki iliyopita nimekwenda bandarini Mkoani kumpokea shangazi na polo lake la mchele. Unaujua mlima ule wa kutokea bandarini. Gia ya pili ikakata pumzi, nikarudi ya kwanza, na ya kwanza yenyewe nzito, klachi ikaanza kunuka. Shangazi akanigusa bega: "Mwanangu, nishuke?" Akashuka. Akaupanda kwa miguu, buibui kalikusanya mkononi, mimi na polo nyuma yake, na wachukuzi wote wanatutazama.

Nilipofungua nikakuta jengine: cheni ilikuwa inakwaruza kasha la injini, pameng'ara mstari mwembamba kama uzi. Sproketi ya meno 17 ni kubwa mno kwa nafasi ile.

Sasa nimeweka 15 na 38, yaani 2.53. Kumbuka jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma, ndiyo maana mbele nimekwenda kwa adabu na nyuma nikarekebisha. Kwa mizunguko ile ile napata 70, na 70 yanitosha. Breki bado ni zile ngoma za babu, zilizotengenezwa kuzuia injini ya cc 50. Kuteremka Mtambile kwa 85 na breki zile sitaki hata kufikiria. Juzi nimempakia tena shangazi, mlima ule ule, gia ya pili mpaka juu. Hakusema kitu, na kwake yeye hiyo ndiyo sifa.

Sasa ombi. Cheni imekwisha, na duka moja hapa wameniuzia ya namba 428, ya bodaboda, na yangu ni 420. Urefu wa pingili ni mmoja kwa zote mbili, kwa hiyo ukiitia inakaa vizuri tu na unajiona umepata. Lakini ni pana kuliko meno ya sproketi zangu, inacheza kushoto na kulia. Nimegundua nikiwa nimeshaikata, hawataki kuirudisha. Nitafutie ya 420 huko Mjini, soma namba iliyogongwa kwenye pingili yenyewe, usiamini boksi. Usiikate, nitaikata mwenyewe nikishapima.

Mpe mtu anayekuja na meli ya Mkoani. Kwa meli hiyo hiyo nitakurudishia 17 yako, nimeifunga kwenye gazeti na mafuta kidogo isishike kutu.

Wasalaam,
sahibu yako