Mfungwa wa Sachsenhausen aliyezaliwa Dar es Salaam

Mhariri,

Kambi za Wanazi huwa tunazisoma kana kwamba ni habari za Wazungu peke yao. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904, alifia kambi ya Sachsenhausen, karibu na Berlin, Novemba 1944. Aliwapigania Wajerumani akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 akaenda Berlin kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake, askari. Wakamnyima! Akabaki huko, mara mhudumu, mara mwalimu wa Kiswahili, hadi 1941 alipokamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani.

Berlin wamempachikia kibao cha shaba barabarani tangu 2007. Jiji letu lingempa japo mtaa.

Msomaji wako,
Ilala, Dar es Salaam