Barua ya Malalamiko: Chati na Kielelezo cha Darubini ya Eksirei

Idara ya Fizikia,
Shule ya Upili ya Kutwa,
Kondele, Kisumu.

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Elimu,
Nairobi.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: CHATI TATU NA KIELELEZO CHA DARUBINI YA EKSIREI

Mwezi uliopita nilinunua kwenu chati tatu za ukutani na kielelezo cha plastiki cha darubini ya angani, vyote kwa shilingi 9,400. Nililipa kwa M-Pesa, na nusu ya pesa hizo ni mchango wa wanafunzi wa klabu ya sayansi. Mzigo ulifika kwa basi la usiku ukiwa salama, na kwa hilo nashukuru. Shida ni yaliyoandikwa.

Chati ya kwanza inasema: "Vigunduzi vimezungushiwa risasi nene, kwa hivyo hakuna mnururisho unaoweza kuvidhuru." (Vigunduzi ni vipande vinavyonasa eksirei ndani ya darubini; mnururisho ni miale na chembe zenye nguvu.) Kijana wa kidato cha pili akauliza hizo risasi ni za bunduki gani. Tukacheka, nikamweleza kuwa ni metali. Msichana mmoja wa kidato cha tatu hakucheka. "Mwalimu, kama imefunikwa kote, eksirei yenyewe inaingilia wapi?"

Swali hilo ndilo limenikalisha chini kuandika. Darubini haikosi mlango. Chandra, darubini ya eksirei ya Marekani, ilirushwa Julai 1999, na wiki za kwanza ilikuwa ikipita kwenye mikanda ya Van Allen, yaani maeneo yanayoizunguka Dunia yaliyojaa chembe zenye nguvu, huku kamera yake ya ACIS ikiwa wazi nyuma ya vioo. Vioo vile huelekeza eksirei ndani zinapoviparuza kwa pembe ndogo sana. Kumbe protoni (chembe ndogo zenye chaji) za nguvu ndogo nazo zilifuata njia iyo hiyo. Hakuna ukuta uliotobolewa. Zilipita mlango wa mbele kama wageni walioalikwa. Vigunduzi 8 kati ya 10 vya kamera hiyo vikaathirika, vikawa vinapoteza sehemu ya chaji wakati wa kuihamisha ili isomwe. Viwili vilivyovipa vioo mgongo vilisalimika, kwa sababu protoni hizo ziliishia ndani ya silikoni kabla ya kufika penye madhara. Na dawa haikuwa kuongeza risasi. Wahandisi walianza kuisogeza kamera itoke kwenye njia ya vioo kila inapokaribia kuvuka mikanda. XMM-Newton ya Ulaya, iliyorushwa Desemba mwaka huo huo, ina gurudumu la vichujio mbele ya kamera, ambalo nafasi yake moja imezibwa kwa aluminiamu ya unene wa kama milimita 1 ili kufunga mlango huo.

Gurudumu hilo nalitaja makusudi. Orodha yenu ya bidhaa inasema la kielelezo chenu "huzungushwa kwa mkono". Halizunguki. Ni stika iliyobandikwa kwenye plastiki. Fundi wa jua kali jirani yetu naye alijaribu, kisha akaniuliza kama nataka alivunje.

Tena si kwamba risasi haina kazi. Kuta zinasaidia, ila risasi ikipigwa na miale yenye nguvu hutoa eksirei zake yenyewe, na hizo zikifika kwenye kigunduzi zinachanganyika na zile za nyota. Ndiyo sababu BAT, kifaa cha kunasa miale ya ghafla kutoka angani kwenye setilaiti ya Swift, kina ngao ya tabaka nne: risasi nje, kisha metali ya tantalamu, kisha bati, na shaba upande wa ndani. Kila tabaka humeza kelele, yaani eksirei zisizotakiwa, za lile lililo nje yake, na kelele zake lenyewe huwa hafifu zaidi. Mchoro wa mistari minne ungetosha kueleza hayo. Nafasi mnayo, robo ya chati mmeijaza nembo yenu.

Chati ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Mmeandika kuwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa Florida. Ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru. Ndipo ikaitwa Uhuru. Jina hilo mmelichapa kwa herufi kubwa, na bado hamkujiuliza limetoka wapi! Isitoshe, mahali hapo panahusiana na mada yenyewe. Setilaiti inayozunguka karibu na ikweta hukwepa sehemu kubwa ya lile eneo la Atlantiki ya Kusini ambako mkanda wa Van Allen hushuka chini, na vigunduzi vyake hupata usumbufu mdogo. Pwani yetu ilikuwa sehemu ya ngao.

Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu, "Hayo ni mambo ya juu sana, mwalimu, watoto hawatajua tofauti." Msichana yule alijua kabla yangu. Mimi chati ilikaa ukutani siku nne kabla sijaisoma sawasawa.

Naomba mnibadilishie chati ya kwanza na ya tatu, zikiwa zimesahihishwa, na mnipe kielelezo ambacho gurudumu lake linazunguka. Ikishindikana, nirudishiwe pesa za vitu hivyo vitatu kabla ya shule kufungwa, maana kuna hesabu ya klabu ninayodaiwa na wanafunzi. Chati ya pili, ya vioo, haina kosa. Hiyo inabaki ukutani. Nyingine nimezikunja na kuzirudisha kwenye boksi lenu. Nijulisheni tu nani atalipia mzigo kwenye basi.

Wako mwaminifu,
Mwalimu wa Fizikia na mlezi wa klabu ya sayansi.