Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Wapendwa wanachama, watangazaji wenzangu wa redio wa mashariki mwa Kongo,

Mwaka jana tulikutana Goma. Leo baadhi yenu mnasoma taarifa hii mkiwa Kampala, Nairobi au Bujumbura. Wengine mmebaki kule kule, nami sitawataja.

Waasi wa M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Lakini kamba ilianza kutukaza shingo zamani. Tangu Mei 2021 jimbo la Kivu ya Kaskazini, ambamo Goma imo, imewekwa chini ya utawala wa kijeshi. Tarehe 7 Januari mwaka huu waziri wa sheria, Constant Mutamba, alitishia adhabu ya kifo kwa yeyote atakayeeneza habari za M23 na jeshi la Rwanda. Mwezi huo huo Al Jazeera ikasimamishwa siku 90 kwa kumhoji kiongozi wa M23. Juni, CSAC, baraza linalosimamia vyombo vya habari nchini, ikakataza kutangaza shughuli za rais wa zamani Joseph Kabila.

Basi mtangazaji wa Goma aseme nini? Akiwahoji M23 walioushika mji, serikali ya Kinshasa itamwita msaliti. Akiwaita waasi, wako mlangoni na bunduki.

Kumbukeni wiki ile ya Januari. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, watu wakachota maji ziwani, na kipindupindu tunakijua. Msikilizaji hakuuliza siasa. Aliuliza njia gani inapitika, hospitali gani inapokea majeruhi, maji ayatibu vipi. Redio iliyozimwa ilimnyima hata hayo.

Wapo waliopendekeza tuwafute uanachama wenzetu wanaoendelea kutangaza Goma. Nilikataa, na nitakataa tena. Serge Maheshe na Didace Namujimbo wa Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa, waliuawa kwa risasi Bukavu, mwaka 2007 na 2008, mji ukiwa mikononi mwa serikali. Edmond Bahati wa Radio Maria aliuawa Goma Septemba 2024, kabla M23 hawajaingia mjini. Hakuna upande uliowahi kutulinda, kwa hiyo tusihukumiane kwa upande. Ninachowaomba walio ndani ni kimoja: tangazo mliloletewa mlisome kama tangazo, mkisema limetoka kwa nani, lisivae sauti ya habari.

Mfuko wa msaada umelipa kodi za nyumba na karo za watoto. Mweka hazina atasoma hesabu. Naomba mkutano usamehe ada za waliobaki, kadi zao ziendelee kuwa hai. Na mwenye vipindi vya zamani kwenye flashi au simu, avilete tuvinakili mapema. Studio kadhaa zimeporwa pamoja na kompyuta zake, na sauti za wazee wa vijiji vyetu zilikuwa humo.