Barua kwa Zuhura: bustani ya Shela kabla ya kusi

Malindi, 12 Machi

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na picha za kiwanja zimenionyesha nilichotaka kujua. Unauliza upande nini, na uitunze vipi miti hiyo mpaka kipupwe kipite. Kabla hujanunua hata mche mmoja, simamisha kinga. Nyumba yako hapo Shela, kisiwani Lamu, inatazama bahari kuu, na upepo wa kusi utakupiga usoni kuanzia Aprili hadi Septemba, ukikaza zaidi Juni, Julai na Agosti.

Vitabu vya bustani vya Ulaya hufundisha kuifunika miti isiuawe na baridi. Kwetu usiku wa Julai huwa na joto la nyuzi 22 hivi, wala hapana mti wa bustani utakaokufa kwa hilo. Muuaji wetu ni chumvi. Matone ya bahari hupeperushwa, hukaukia juu ya jani, na chumvi ile hulinyonya jani maji yake. Ncha na kingo ndizo huungua kwanza, tena upande unaotazama bahari. Ukiona ubavu mmoja wa mti umebabuka na wa pili ni kijani, usihangaike kutafuta ugonjwa.

Kinga yenyewe isiwe ukuta. Upepo ukikutana na kitu kizima huruka juu yake, kisha huanguka nyuma ukizunguka na kuvunja kilekile ulichokificha. Weka ua unaopitisha kama nusu ya upepo: nguzo zilizochimbiwa sentimita 60, fito za kulala, na makuti ya kumba yaliyofungwa kwa nafasi. Ua wa mita 2 hutuliza upepo kwa mita 15 hadi 20 nyuma yake, kwa hiyo huna haja ya kuzungushia kiwanja chote.

Nyuma ya ua huo panda mkadi, minazi na mivinje, ambayo chumvi haiitishi. Mvinje hukua upesi, ila uwe mbali na kisima na maua, maana hunywa maji mengi na majani yake yakirundikana chini huzuia vingine kuota. Safu inayofuata iwe mihina, bogenvilia, mkomamanga na mwarobaini. Mhina ndio ningeupendelea kuliko yote: panda kila baada ya sentimita 50, uwe unaukata ncha, na baada ya misimu miwili utakuwa na ua hai uliofungana, na hina ya nyumbani juu yake.

Asmini, mkilua, mndimu na mlangilangi ulivyovitaja visikae upande wa bahari hata kidogo. Asmini na mkilua vitie kiwandani, ule uwanja wa ndani ya nyumba, ambako kuta za nyumba zitavikinga. Asmini ipate jua angalau nusu ya siku, mkilua huvumilia kivuli. Mlangilangi hurefuka sana na matawi yake hukatika kwa upepo, basi uwe nyuma ya nyumba. Safu mbili za nje zipande Aprili, mvua za mwanzo zikishaloanisha mchanga. Mndimu na mlangilangi mimi ningengoja Oktoba, kusi ikishalegea na ua umesimama, ingawa utalazimika kumwagilia kiangazi chote cha kaskazi.

Shimo liwe sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Ukifikia mwamba wa matumbawe, tumia mtaimbo, kisha jaza maji uyaache yalale. Yakiwa bado yamesimama kesho yake, pasua zaidi au hama, kwani masika itaozesha mizizi humo. Chini tandika makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama juu. Hushika maji ambayo mchanga peke yake haushiki. Yasiwe makumbi yaliyotoka kulowekwa baharini kwa ajili ya usumba, zile nyuzi za kamba, na yaloanishe vizuri kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, maana yakiwa makavu huita mchwa. Juu yake changanya udongo na debe mbili za samadi. Samadi ya punda hapo Lamu haikosekani, lakini mbichi huunguza mizizi na imejaa mbegu za magugu. Irundike miezi mitatu, iwe na unyevu, uigeuze kila wiki mbili ipate moto wa ndani.

Tafadhali usitie majivu. Najua kila mtu atakushauri utie. Udongo wenu umetokana na matumbawe, una chokaa ya kutosha, na majivu huongeza yaleyale. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kuchukua madini ya chuma: majani machanga huwa manjano na mishipa yake ikabaki kijani. Mndimu na asmini ndizo zinazoonyesha mapema. Kwa sababu hiyohiyo usipande karibu na ukuta uliopigwa lipu karibuni kabla ya kuondoa kifusi chote.

Kila mche ufungie vijiti viwili, kimoja kila upande, kwa kamba ya usumba iliyolegea, chini kwenye theluthi ya urefu. Ukifungwa juu na kukazwa, shina halijifunzi kusimama, na kamba hulikata ganda. Tandaza majani makavu unene wa sentimita 7, ukiacha shubiri moja kutoka kwenye shina. Mwani wa ufukweni pia ni tandazo zuri, mvua ikishaufua chumvi.

Kusi ikishakaza, zikipita siku mbili tatu bila mvua, osha majani kwa maji baridi alfajiri. Jioni siyo, majani yakilala majimaji hushika ukungu. Mbolea ya kukuza usitie kuanzia Juni, wala usikate matawi yaliyoungua. Yanakinga yaliyo ndani, na kila ukatapo mti huchipua majani laini ambayo upepo utayamaliza wiki hiyohiyo. Ngoja mwisho wa Septemba, ukwaruze ganda kwa ukucha: penye kijani acha, penye kahawia kata. Vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaonyonya majani, wakitokea chini ya majani, saga gramu 50 za kokwa za mwarobaini kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja, nyunyizia jioni inayofuata; dawa hii tu ndiyo ya jioni.

Sasa maji. Kisima cha Shela hutoa maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari, na pampu ikivuta kwa nguvu huyapandisha yale ya chini. Vuta kidogo kidogo. Kila unapomwagilia, mwaga mengi kwa mara moja, shinani, ili chumvi isukumwe chini. Kunyunyizia kidogo kila siku huikusanya kwenye mizizi. Mvua usiiache ipotee: paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 10 hutoa karibu lita 500.

Azima kipimo cha chumvi upime kisima sasa na tena Agosti, unitumie namba zote mbili. Chini ya miligramu 450 kwa lita, mndimu utakubali. Zikipita 2,000, hela ya mndimu nunua mkomamanga wa pili.

Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Shoga yako, Mwanaisha