Walimu wa kwaya, tusiimalize Noeli kabla haijafika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua niseme jambo nililolibeba moyoni kwa miaka mingi nikiwa mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya. Ikifika Jumapili ya kwanza ya Majilio, kipindi cha kungojea Noeli, kwaya nyingi huwa zimeshafika horini. Wachungaji wameshaimbwa, malaika wameshaimbwa, mtoto ameshalazwa, na bado kuna majuma matatu na siku kadhaa. Usiku wa Noeli tunarudia nyimbo zile zile kwa koo zilizochoka, na waumini wanazipokea kama salamu waliyokwisha kuitikia. Nami nimewahi kufanya hivyo, tena si mwaka mmoja. Ndiyo maana naandika.

Majilio yana nyimbo zake, na yana kimya chake. Kwetu Wakatoliki, Jumapili zote nne hatuimbi Utukufu, ule wimbo wa “Utukufu kwa Mungu juu”. Tunauweka mpaka Misa ya usiku wa Noeli, isipokuwa kwenye sherehe kama ile ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Desemba 8. Taratibu za Misa zinataka pia kinanda na ala nyingine zipigwe kwa kiasi, zisije zikaitangulia furaha kamili ya kuzaliwa kwa Bwana. Vijana wa kwaya yangu waliwahi kuniuliza kama hiyo ni adhabu. Sikuwahubiria. Nikakaa kwenye kinanda, nikapiga so, ti, re na fa kwa pamoja, nikazishikilia, kisha nikainua mikono na kunyamaza. Wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo, mwingine akajikuna shingo. Mwishoni kijana wa besi akashindwa kuvumilia, akaiimba mwenyewe do iliyokuwa ikingojewa, na kwaya nzima ikashusha pumzi. Nikawaambia: sasa tuanze mazoezi.

Ndugu zetu Walutheri wanalijua hili tangu zamani. Pale Leipzig, Johann Sebastian Bach alipokuwa mwalimu wa muziki, kanisani palipigwa muziki mkubwa wa kwaya na ala Jumapili ya kwanza ya Majilio, kisha ukasimama hadi Noeli. Asubuhi ya Noeli ya mwaka 1734 watu wale waliokaa Jumapili tatu bila muziki huo walisikia ngoma, ngoma peke yake, ndipo zikafuata filimbi, tarumbeta na kwaya. Najaribu kuwaza mtu aliyeketi benchi la nyuma siku ile alivyoshtuka. Ngoma zile zingepigwa tangu mwanzo wa Desemba, nani angegeuza kichwa?

Tangu mwaka juzi, kila jioni ya Majilio narekodi wimbo mmoja wa kipindi hiki na maneno machache ya tafakari, nawatumia wanakwaya na yeyote aliyeniomba. Sina studio. Naweka simu juu ya kifuniko cha kinanda mazoezi yakiisha, naimba dakika mbili na ushee, nasema nilichokiona kwenye maneno ya wimbo, basi. Siku za mwanzo naegemea Isaya, kwa kuwa nyimbo nyingi za Majilio zimechotwa humo. Kuanzia Desemba 17 hadi 23 naimba antifona saba kuu, yaani viitikio vifupi, za Masifu ya Jioni, sala ya Kanisa ya kila jioni, zile zinazoanza kwa “Ee”: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Mapambazuko, Mfalme wa mataifa, Emanueli. Zimeimbwa Kanisani kwa zaidi ya miaka 1,000, na kila moja inaishia kwenye ombi lile lile: njoo. Wapenzi wa Kilatini wanajua kwamba ukichukua herufi za kwanza za majina hayo, Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex, Emmanuel, ukazisoma kutoka mwisho, unapata Ero cras, yaani “Kesho nitakuwapo.” Nilipowaeleza hivyo wanakwaya, mmoja alikwenda kuziandika kwenye daftari lake la nyimbo ahakikishe mwenyewe.

Desemba 20 ya mwaka jana nilikuwa na mafua. Nikaimba Ufunguo wa Daudi, afunguaye wala hapana afungaye, na kabla ya “njoo” pumzi ikaniishia. Nikavuta nyingine kwa sauti, ikasikika vizuri kabisa kwenye simu. Nilitaka kufuta nirekodi upya, lakini usiku ulikuwa umekwenda, nikaituma hivyo hivyo. Asubuhi nikakuta ujumbe wa mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye mumewe hajainuka kitandani muda mrefu. Aliandika: “Mwalimu, hapo ulipovuta pumzi kabla ya njoo, na mimi nilivuta. Nikamwekea mzee asikilize, naye akavuta. Tumeurudia mara tatu.” Nimepiga kinanda tangu ujana na nimepigiwa makofi mara nyingi, ila sijawahi kupokea neno lililonikaa kama hilo.

Najua hoja ya wanaopinga. Mwaka mmoja niliambiwa mbele ya kwaya nzima kwamba nyimbo zangu za Majilio zinafaa msibani. Iliniuma, sikatai. Lakini huzuni na shauku si kitu kimoja. Anayelia msibani amepoteza. Anayeimba Majilio anamngoja mtu aliyeahidi kuja. Chukua ule wimbo wa kale wa Emanueli uliotungwa kutokana na antifona hizo, ambao maneno yake ya Kilatini yalichapishwa mwaka 1710. Unatua kwenye la, si kwenye do, na masikio yetu yamezoea kuita hali hiyo huzuni. Hata hivyo kiitikio chake kinasema “Furahi, furahi”, na kinasema hivyo kikiwa kwenye la ile ile, bila kubadili ufunguo. Fundisheni kiitikio hicho polepole, sauti moja moja, msikimbilie mwendo. Watoto hukipenda kuliko mnavyodhani. Na Jumapili ya tatu, ile ya Furahini, ifunguliwe kinanda kidogo, watu waonje.

Maombi yangu ni mawili. Walimu wenzangu, nyimbo za hori zibaki kabatini mpaka mkesha. Wafundisheni wanakwaya kwenye mazoezi, kwa kuwa lazima zijulikane, ila zisitoke nje ya chumba cha mazoezi. Na wewe Mhariri, tenga kona ndogo katika Jumapili nne za Majilio, uchapishe ubeti mmoja wa wimbo wa kipindi hiki na tafakari ya mistari kumi kutoka kwa mwanamuziki yeyote wa kanisa, wa dhehebu lolote. Wapo wengi wenye la kusema ambao hujulikana kwa migongo yao tu, maana muda wote wameelekea kwenye kinanda. Mwaka ambao Noeli inaangukia Jumatatu, juma la nne la Majilio huwa siku moja tu, kwa hiyo ukikubali, tuanze mapema. Tafakari yangu ya Jumapili ya kwanza iko tayari, nitaituma ukiihitaji.

Wako,
Mpiga kinanda na mwalimu wa kwaya