Pumzi usiziache

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Huku Wete hatujambo, nataraji nawe na wanao ni wazima. Nimefurahi mno kusikia skuli yenu imekukubalia uwafundishe kidato cha tatu kumwokoa mtu ambaye moyo umemsimama.

Usingoje mdoli wa kufundishia, ni ghali. Sisi tunazungushia vitambaa chupa tupu ya maji, tunaitia ndani ya foronya na kuishona. Mtoto anapiga magoti, anaweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, anabonyeza. Chupa inalia ikibonyea, inalia tena ikiachiwa. Usikilize huo mlio wa pili. Wengi hubakia wameegemea, na kifua kisipoinuka moyo haujai damu. Kasi ni mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina sentimita 5 mpaka 6 kwa mtu mzima. Wapokezane kila dakika 2, maana wanachoka upesi.

Lakini pumzi za kumpulizia mtu mdomoni usiziache, nakuomba. Siku hizi wengi wanafundisha kubonyeza tu. Mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa moyo, damu yake bado ina hewa, kwa hiyo kubonyeza kunamfaa. Aliyezama kakosa hewa kwanza, moyo ukafuatia. Miongozo ya Ulaya inataka huyo apulizwe pumzi 5 kabla ya lolote, ndipo zifuate 30 za kubonyeza kwa 2 za kupuliza. Na watoto wetu sisi wanajitosa gatini kila jioni! Darasani hawapulizani, wanainuana kidevu tu na kutazama kifua. Wasichana peke yao, wavulana peke yao, na wazazi hawana neno.

Kazi kubwa ni ile desturi ya kumpindua aliyezama kichwa chini, au kumkandamiza tumbo maji yatoke. Yanayotoka mara nyingi ni ya tumboni, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Ubongo nao hauvumilii kukosa hewa ila dakika chache. Mwanafunzi mmoja kaniuliza, "Mwalimu, babu akinambia nimpindue, nimkatalie?" Nikamwambia asibishane naye: yeye aanze kupuliza, mwenzake amwombe babu akatafute gari ya hospitali.

Tangu hapo tunalifanyia mazoezi na hilo, mmoja anakuwa babu. Jaribu na wako, kisha uniandikie wamejibu vipi.

Wasalaam,
Shoga yako wa Wete