Mafunzo ya programu: tufundisheni na kuweka alama ndani ya faili

Mhariri, asalaam aleikum.

Mimi ni msomaji wenu hapa Langoni, Lamu, na nina neno na wanaofundisha vijana wetu programu. Wanafundisha kufungua faili na kuisoma laini moja moja basi, wameishia hapo, hakuna anayekwambia utajuaje umefika wapi.

Mimi nilikuwa napitisha kwenye programu yangu tenzi za wazee tulizochapa kwa khati za kiarabu, faili kubwa, stima ikapotea katikati na iliporudi programu ikaanza toka mstari wa kwanza, usiku mzima umeenda bure! Msahafu una utepe wake, ukiitwa unauweka ulipofika, ukirudi unaendelea. Faili nayo inao, kwa Python, ile lugha ya kuandikia programu, ukiita amri ya tell unapewa namba ya ulipo na seek inakurudisha papo hapo. Ila ukiita tell ndani ya for, ile amri ya kupitia laini moja baada ya nyingine, kwa faili ya maandishi inakataa, inatoa kosa, maana for inavuta data kwa fungu kwa hivyo yenyewe ishafika mbele na wewe bado uko nyuma. Dawa ni kusoma kwa readline, inayosoma laini moja tu, ndani ya while, amri nyingine ya kurudia, kila ukimaliza laini iandike ile namba kwa kifaili kingine, stima ikirudi unaipa seek.

Lakini lililonitesa zaidi ni kuhesabu. Nilikuwa nahesabu herufi, kumbe mahali ndani ya faili panahesabiwa kwa baiti, kile kipimo kidogo cha data! Kwa UTF-8, utaratibu wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, herufi a ni baiti moja, alifu ni mbili, be ni mbili na fataha yake mbili zingine. Hata ng’ombe, ukimwandika kwa ile koma ya juu iliyopinda, koma peke yake ni baiti tatu, neno zima tisa. Ukiruka kwa hesabu ya herufi unaweza kuangukia katikati ya herufi na programu inakufa hapo hapo.

Walimu wetu mifano yao yote ni ya kiingereza, herufi moja baiti moja, kila kitu kinaenda sawa mpaka siku kijana analeta maandishi ya nyanya yake. Nawaomba sana wachukue beti mbili tatu za kwetu wafundishie hizo. Na anayetaka kuhesabu mwenyewe afungue faili kwa rb, yaani kusoma baiti zenyewe, ajumlishe urefu wa kila laini kwa baiti, ndio aigeuze iwe maandishi.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu